Bahari Iliyojenga Jangwa

Meli ya kitalii inapotoka kwenye mdomo wa Mfereji wa Suez na kuingia Bahari ya Shamu, abiria huwa wameshapewa ratiba yao. Siku ya Safaga, huko Misri, ni ya kwenda Luxor. Siku ya Akaba, huko Yordani, ni ya Petra, au Wadi Rum kwa wasiopenda kupanda ngazi. Siku hizi Saudia nayo imefungua milango, kwa hiyo zipo meli zinazotia nanga Jidda au Yanbu. Bahari yenyewe haimo kwenye ratiba. Inavukwa usiku, watu wamelala, ili kukipambazuka wawe gatini na mabasi yanawangoja. Bahari imefanywa barabara tu, na jangwa ndilo la kutazamwa.

Nina ugomvi kidogo na mpango huo. Anayeshuka Safaga asubuhi na kupanda basi huondoka na picha ya ustaarabu uliochipuka mchangani, mbali na maji ya chumvi, kana kwamba Firauni hakuwahi kulowa miguu. Ukweli ni kwamba mengi ya magofu yale yalilipiwa na bahari. Meli zilikuwapo kabla ya mahekalu kadhaa, na mahali pengine zilipoacha kupita, mji ulianza kunyauka.

Bandari ya kale kuliko zote zinazojulikana katika bahari hiyo iko Wadi al-Jarf, kwenye Ghuba ya Suez. Mwaka 2013 wachimbaji waliokuwa na Mfaransa Pierre Tallet walikuta huko vipande vya mafunjo yaliyoandikwa wakati wa Khufu, mwenye piramidi kubwa la Giza, yapata miaka 4,500 iliyopita. Sehemu yake ni shajara ya ofisa aitwaye Merer. Anaandika siku kwa siku jinsi kikosi chake kilivyopakia mawe ya chokaa Tura na kuyapeleka Giza kwa mashua. Kwa nini karatasi za kazi ya Mto Nile zikutwe pwani ya Bahari ya Shamu? Kwa sababu watu walikuwa wale wale. Kikosi kilichobeba mawe ya piramidi ndicho kilichotumwa pia pwani, kwenye meli za kuvukia Sinai kufuata shaba.

Kazi ya kufika pwani hiyo haikuwa ndogo. Mbao nzuri zilitoka Lebanoni, mafundi walikaa kando ya Nile, na kati ya Nile na bahari kulikuwa na jangwa la mawe la zaidi ya kilomita 150. Wamisri walitatua jambo hili kwa namna ambayo fundi yeyote wa majahazi wa Lamu angeikubali baada ya kutikisa kichwa: waliunda meli mtoni, wakaifungua ubao kwa ubao, wakaibeba jangwani kwa punda na kwa mabega ya watu, kisha wakaiunga upya ufukweni. Wakirudi safari, waliifungua tena. Yapata mwaka 2000 KK ofisa mmoja, Henu, aliacha maandishi kwenye miamba ya Wadi Hammamat akisema aliongoza watu 3,000 kwenda baharini, akachimba visima njiani, na hakumnyima mtu mgao wake wa maji na mikate. Ni majigambo ya ofisa wa serikali, na majigambo hayo hayajabadilika hadi leo. Lakini visima anavyovitaja vinaonyesha alielewa kwamba safari ya baharini huanza kuharibika nchi kavu.

Mahali walipoziunga meli hizo pamejulikana. Ni Mersa Gawasis, kusini kidogo ya Safaga, karibu na mahali watalii wanaposhukia. Profesa Abdel Monem Sayed wa Chuo Kikuu cha Iskanderia alipatambua mwaka 1976, na kuanzia 2001 Kathryn Bard na Rodolfo Fattovich walipachimba kwa miaka. Walikuta mapango yaliyochongwa kwenye ukingo wa matumbawe ya kale. Ndani ya pango moja mlikuwa na kamba za meli, zimekunjwa na kupangwa sakafuni kama mabaharia walivyoziacha karibu miaka 4,000 nyuma, mafundo yakiwa bado yamefungwa. Kulikuwa na mbao za mierezi zenye matundu ya wadudu wa baharini, na masanduku ya mizigo yenye maandishi yanayotaja maajabu ya nchi ya Punt. Sijui gofu jingine la Misri linalonigusa kuliko hili, na karibu hakuna basi linalosimama hapo. Hakuna cha kupiga picha. Pango na kamba haviuzi tiketi.

Punt ndiyo iliyokuwa shabaha. Ilikuwa upande wa kusini mwa Bahari ya Shamu, pengine Eritrea na nchi zinazopakana nayo hadi Usomali, na kutoka huko Misri ilipata ubani, manemane, dhahabu, mbao za mpingo, nyani na ngozi za chui. Ubani ulihitajika kila siku hekaluni. Mungu asiyefukiziwa alikuwa mungu aliyekasirika.

Hapo ndipo tunapoliingia basi la Luxor. Kituo kimoja ambacho hakikosekani ni Deir el-Bahari, hekalu la malkia Hatshepsut, lililopangwa ngazi kwa ngazi chini ya jabali. Hatshepsut alitawala kati ya takriban 1479 na 1458 KK, mwanamke aliyevaa taji na ndevu za bandia za Firauni. Katika mwaka wa tisa wa utawala wake alituma meli Punt, na aliporudishiwa shehena aliamuru safari nzima ichongwe ukutani. Zimo meli tano na matanga yake. Zimo nyumba za Punt zilizojengwa juu ya nguzo, zikipandwa kwa ngazi. Yumo mkuu wa Punt, Parahu, na mkewe Ati, mwenye mwili mnene sana, ambaye mchongaji hakumwonea haya. Wamo wapagazi waliobeba miti ya ubani ikiwa hai, mizizi imo vikapuni. Maandishi yanataja 31. Chini ya meli, mahali ambapo mchongaji angeweza kuweka mistari ya mawimbi akamaliza kazi, kuna samaki, na si samaki wa kubuni. Wataalamu wameweza kuwatambua mmoja mmoja, pamoja na kamba koche na ngisi, kwamba ni wa Bahari ya Shamu. Mtu aliyewaona, au aliyechorewa na aliyewaona, alikuwa kwenye msafara ule.

Kwa hiyo ukuta ambao mtalii huutazama akiwa amesimama jangwani, kofia kichwani, ni taarifa ya safari ya meli. Baadaye Thutmose III, aliyemrithi, aliamuru sura za Hatshepsut zifutwe kwa patasi. Zilifutwa nyingi. Samaki hawakuwa na kosa, wakabaki.

Karne zikapita. Wafalme wa Kiyunani waliotawala Misri baada ya Iskandari walikuwa na haja nyingine na bahari ile: tembo. Maadui zao wa nchi ya Shamu, yaani Syria, walipata tembo wa vita kutoka India, nao wafalme wa Misri wakakatiwa njia hiyo. Ptolemy wa Pili akajenga bandari Berenike, yapata 275 KK, akaipa jina la mama yake, na meli maalumu zikawa zinaleta tembo kutoka kusini kisha wanaswagwa jangwani hadi Nile. Ilikuwa kazi ya gharama na ya hatari. Vita vya Raphia vya mwaka 217 KK vilipofika, tembo hao wa Afrika waliwaogopa wale wa India na wengi wakageuka kukimbia. Ptolemy wa Nne alishinda vita hata hivyo, kwa askari wa miguu.

Berenike haikufa na tembo. Warumi walipoitwaa Misri, ikawa mlango wa India. Timu ya Steven Sidebotham, iliyoanza kuchimba huko mwaka 1994, ilikuta ndani ya hekalu mtungi wa Kihindi wenye pilipili manga kilo 7.5, na mwaka 2022 ikapatikana sanamu ya Buddha. Myos Hormos, karibu na Quseir ya leo, ilikuwa na shughuli zaidi: mwanajiografia Strabo anasema meli 120 ziliondoka hapo kwenda India.

Kutoka katika bandari hizi ndiko kilikotokea kijitabu ambacho msomaji wa Afrika Mashariki anapaswa kukijua kuliko ukuta wowote wa Luxor. Ni Periplus ya Bahari ya Eritrea, mwongozo wa wafanyabiashara ulioandikwa kwa Kiyunani katikati ya karne ya 1 BK na mtu asiyejitaja, ambaye ni dhahiri alikuwa ameyaona mengi anayoyasimulia. Wanahistoria wetu wamezoea kukinukuu kwa sababu kinataja Azania, mwambao wetu, na mji wa Rhapta, ambao mahali pake bado panabishaniwa, wengine wakielekeza Delta ya Rufiji. Kinasema mikuki, mashoka, visu na vyombo vya kioo viliingia, na pembe za ndovu, pembe za vifaru na magamba ya kasa vikatoka. Kinasema manahodha Waarabu walizijua lugha za huko na kuoa huko. Kinakitaja kisiwa cha Menouthias, kiwe Pemba, Unguja au Mafia, ambako watu walikuwa na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba na walivua kwa vikapu. Madema yale yale, ningesema.

Tunachosahau ni ukurasa mwingine wa kitabu hicho hicho. Kinaeleza kwamba ukivuka kutoka Myos Hormos kuelekea mashariki kwa siku mbili au tatu, utafika bandari iitwayo Leuke Kome, na kutoka huko kuna njia ya kwenda Petra, kwa Malichus, mfalme wa Wanabati. Bandarini hapo yupo ofisa wa kutoza ushuru, robo nzima ya bidhaa zinazoingia, na yupo akida na askari wa kulinda. Basi Petra na Rhapta zimo katika kitabu kimoja, kilichoandikwa na mkono mmoja, kwa wasomaji wenye shehena. Kwa mtu yule, mji uliochongwa kwenye mwamba na ufukwe wa Waswahili wa baadaye vilikuwa vituo vya soko moja.

Wanabati wenyewe walianza kama watu wa mahema. Mwandishi Diodorus, akizungumzia mambo ya mwaka 312 KK, anasema walijiwekea sheria ya kutopanda nafaka, kutokunywa divai na kutojenga nyumba, na mwenye kuvunja aliuawa. Hoja yao ilikuwa rahisi: mwenye nyumba na shamba ana kitu cha kutishiwa. Siri yao ilikuwa maji. Walichimba mabirika chini ya ardhi, mdomo mwembamba na tumbo pana, wakayapaka lipu na kuyafunika, wakabaki na alama walizozijua wao tu. Mwaka huo jeshi la Antigonus, jemadari wa zamani wa Iskandari, liliwavamia ghafla, likapora ubani, manemane na talanta 500 za fedha. Wanabati waliwafuata, wakawakuta wamelala, wakawaua karibu wote. Habari nyingine ya Diodorus hutajwa mara chache: waliokaa pwani ya Ghuba ya Akaba walipoona meli za Misri zikipita na utajiri, waliunda vyombo na kuwa maharamia, hadi meli za kivita za Ptolemy zilipowakomesha. Wachunga ngamia hawa hawakuiogopa bahari. Waliitaka.

Njia zote mbili, ya ngamia kutoka Yemen na ya meli kupitia Leuke Kome, zilimwaga mali Petra. Sheria ya kutojenga ikasahaulika kabisa. Chini ya Mfalme Aretas wa Nne, aliyetawala kuanzia 9 KK hadi 40 BK, ndipo miamba ilipochongwa kwa fahari tunayoiona. Mgeni huingia kwa kupita Siq, ufa wa mlima wenye urefu wa kilomita 1.2, mahali pengine kuta zikikaribiana kiasi cha kuziba anga. Macho ya wote hutafuta mbele, kwenye mwanga wa Khazneh, ukuta wa kaburi wenye kimo cha karibu mita 40. Ningemshauri mgeni atazame pembeni, kwenye usawa wa nyonga. Pande zote mbili za ufa kuna mfereji uliochongwa ndani ya mwamba, na mmoja ulipitisha mabomba ya udongo wa kuchoma. Hayo ndiyo yaliyouweka mji hai. Mvua ya huko ni kidogo, lakini ikija huja yote kwa saa moja, kwa hiyo Wanabati walijenga boma la kuzuia mafuriko mdomoni mwa Siq na kuchimba handaki la kuyageuza. Boma hilo lilipokuwa limeharibika, mwaka 1963, mafuriko yaliingia Siq na kuua zaidi ya watu ishirini, wengi wao wageni kutoka Ufaransa. Limejengwa upya tangu hapo, kwa wazo lile lile la wajenzi wa kwanza.

Kuhusu Khazneh yenyewe kulikuwa na imani kwamba Firauni alificha hazina ndani ya mtungi wa jiwe ulio juu kabisa, na Mabedui wakaupiga risasi ili upasuke. Mtungi ni mwamba mtupu, na makovu ya risasi yanaonekana. Kilichokuwamo kilikuwa chini: uchimbaji wa mwaka 2024 ulikuta mifupa ya watu 12 kaburini, chini ya miguu ya wapiga picha.

Roma iliutamani utajiri huo mapema. Mwaka 26 KK Augustus alimtuma Aelius Gallus, gavana wa Misri, na askari wapatao 10,000 kwenda kuiteka nchi ya ubani. Mwongozaji wake alikuwa Syllaeus, waziri wa mfalme wa Wanabati. Meli nyingi zilivunjika kwenye miamba kabla hata ya kufika Leuke Kome. Kisha Syllaeus akawapitisha njia ndefu kuliko zote, isiyo na maji. Walirudi wakiwa wameangamizwa na njaa, uchovu na magonjwa. Waliouawa vitani hasa walikuwa saba. Haya anayasimulia Strabo, aliyekuwa rafiki wa Gallus, na bila shaka alikuwa na sababu ya kumtwisha mwongozaji lawama zote. Syllaeus alikuja kukatwa kichwa Roma. Mimi simwoni kuwa mjinga: dalali wa ubani angewezaje kumwonyesha mteja wake mkubwa njia ya kwenda shambani?

Kilicholishinda jeshi kilitimizwa na pepo. Mabaharia kutoka Misri walipoijua misimu ya kusi na kaskazi, waliweza kwenda India moja kwa moja na kurudi Berenike na Myos Hormos. Mzigo ukapungua kwenye mgongo wa ngamia. Roma iliutwaa ufalme wa Wanabati mwaka 106 BK, tetemeko la 363 likabomoa sehemu kubwa ya mji, na hata hapo haukufa mara moja: kanisa lililochimbuliwa lilitoa mwaka 1993 hati za karne ya 6 zilizoungua, za watu waliokuwa bado wanagawana mashamba na urithi. Ulififia polepole.

Ndugu wa Petra upande wa Saudia ni Hegra, ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la Madain Saleh. Kuna makaburi 111, mengi yakiwa na kuta za nakshi na tarehe za karne ya 1, na mwaka 2008 yakawa eneo la kwanza la Saudia kuingia kwenye orodha ya urithi ya UNESCO. Wanaakiolojia wanayahesabu kuwa ya Wanabati. Waislamu wanapahusisha na watu wa Thamud, waliomuua ngamia wa Nabii Saleh, na ipo hadithi mashuhuri ya Mtume kuwaambia masahaba wapite hapo kwa haraka na kwa kulia. Kwa hiyo mahali ambapo kampuni za utalii zinawaalika watu wakae siku mbili, wapo wasafiri ambao kwa dini yao wanaona afadhali kupita tu. Mwongozaji mwenye busara huwaacha wabaki garini bila kuwauliza.

Baada ya Warumi, bahari iliwabeba mahujaji. Ibn Jubayr, kutoka Andalusia, alivuka kutoka bandari ya Aydhab hadi Jidda mwaka 1183 na hakusamehe chochote. Anaeleza vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, vikapakwa mafuta ya papa, yaani sifa, na matanga ya majani ya mkoma. Analalamika kwamba wenye vyombo walijaza mahujaji hadi wakakaa juu ya wenzao, kwa hesabu kwamba safari moja inalipa gharama za chombo na baada ya hapo kikizama si hasara yao. Aliyeiona mitepe ya Lamu katika picha za zamani anaweza kuliona jahazi la Ibn Jubayr. Ibn Battuta alifika Aydhab hiyo hiyo mwaka 1326, akakuta mtawala wa Wabeja anapigana na askari wa Misri na meli zimezamishwa, akageuka. Ilibidi azunguke kupitia Shamu. Miaka mitano baadaye alikuwa Mogadishu, Mombasa na Kilwa.

Petra ilikuwa imeshatoka katika ramani za Wazungu, ingawa wakazi wa bonde lile hawakuwahi kuipoteza. Mwaka 1812 Mswisi Johann Ludwig Burckhardt, aliyetumwa na jumuiya ya London iliyotaka kuijua Afrika ya ndani, alikuwa njiani kwenda Kairo, amejiita Ibrahim ibn Abdullah. Akasema ameweka nadhiri ya kuchinja mbuzi kwenye kaburi la Nabii Harun, mlimani nyuma ya magofu, kwa sababu njia ya kwenda huko lazima ipite Petra. Tarehe 22 Agosti aliipita. Mwongozaji wake alimshuku alipomwona anaingia kila gofu, kwa hiyo hakuthubutu kuandika mbele yake. Giza lilipowakuta chini ya mlima akamchinja mbuzi hapo hapo. Alikufa Kairo mwaka 1817 bila kuiona Niger aliyotumwa.

Mvuke ndio uliogeuza safari kuwa starehe. Mwaka 1844 kampuni ya P&O ilimpa mwandishi Thackeray tiketi ya bure ya Mediterania hadi Misri ili aandike kitabu; waandishi wa leo wanaoalikwa na kampuni za meli wana babu. Mark Twain alikwenda na meli ya Quaker City mwaka 1867, na katika kitabu chake anawacheka wenzake waliotembea na nyundo wakimega vipande vya makaburi na sanamu ili wavipeleke nyumbani. Tarehe 17 Novemba 1869 Mfereji wa Suez ukafunguliwa. Mwaka 1872 meli za barua zilianza kuunganisha Adeni na Unguja, mwaka 1875 Sultani Barghash alikuwa London, na mwaka 1885 dada yake, Salme, aliyekwishakuwa Emily Ruete, akarudi kuiona Unguja akipitia Port Said. Januari 1891 Albert Ballin wa Hamburg, akiwa na meli kubwa isiyo na abiria wa kutosha wakati wa baridi, aliipeleka Augusta Victoria na wageni 241 kutembea Mediterania kwa takriban miezi miwili, Misri na Yerusalemu zikiwamo. Wenzake walimcheka. Biashara nzima ya meli za kitalii imejengwa juu ya msimu ule mbovu wa Ballin.

Wadi Rum ilikuja kujulikana baadaye, na kwa sababu ya vita. Mwaka 1917 Waarabu waliomwasi Mturuki waliihitaji Akaba, kwa kuwa bila bandari silaha na chakula kutoka kwenye meli za Waingereza visingewafikia. Auda Abu Tayi na watu wake wa kabila la Howeitat waliifikia kwa kuzunguka jangwani, na tarehe 6 Julai ikaanguka. Lawrence, ofisa wa Kiingereza, alikuwapo, na filamu ya mwaka 1962 iliyopigwa kwenye mchanga wa Wadi Rum imemfanya aonekane kuwapo peke yake. Nafuu Wadi Rum ina mashahidi wake: miamba yake imechorwa picha 25,000 na kuandikwa maandishi 20,000, kazi ya wachungaji na wasafiri wa miaka elfu nyingi. Wengi waliandika majina yao tu, na jina la baba. Walikuwa wakingoja zamu ya maji, kwenye chemchemi zinazotokeza pale mawe ya mchanga yanapokalia itale ya chini.

Sasa wajukuu wa wachungaji hao huendesha magari ya pikapu yenye mabenchi, nusu saa kila kituo, maana kutoka Akaba ni saa moja kwa basi na meli haimngoji mtu. Petra ni saa mbili kwenda na mbili kurudi. Mtalii wa meli huishia Khazneh au mbele yake kidogo. Ngazi 800 na ushee za kwenda kwenye gofu la ad-Deir anaziacha kwa waliolala Wadi Musa, mji ulio mlangoni mwa Petra. Upande wa Luxor ni mbali zaidi, kilomita zaidi ya 200, na baada ya magaidi kuua watu 62 Deir el-Bahari tarehe 17 Novemba 1997, mabasi ya Safaga kwa miaka mingi yalikwenda kwa msafara mmoja yakisindikizwa na polisi. Misafara ya Henu nayo ilikuwa na walinzi.

Mwandishi wa Periplus alionya kuhusu ukingo wa Arabia ulio kusini mwa Leuke Kome. Watu wake, alisema, huwapora wanaokosea njia na kuwafanya watumwa walionusurika na ajali. Kwa hiyo shika katikati ya bahari na uende mbio mpaka Kisiwa Kilichoungua. Kuanzia mwishoni mwa 2023, Wahouthi wa Yemen walipoanza kuzishambulia meli, kampuni za meli za kitalii hazikushika katikati. Zilifuta safari, au zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema na abiria wachache au bila abiria kabisa. Petra, iliyokuwa imepokea zaidi ya watu milioni moja mwaka 2019, ilipoteza zaidi ya nusu ya wageni wake mwaka 2024, kwa sababu ya vita vya Gaza kuliko kwa sababu ya meli, lakini gati la Akaba lilikuwa na sababu zote mbili. Hoteli za Wadi Musa zilifunga moja baada ya nyingine. Berenike wachimbaji waliendelea na kazi yao.